Usiku wa Jumatano

Tangu nirudi kutoka Rufiji nimepigiwa simu na watu sita wanaotaka kujua kilichotokea kule delta, na kila mmoja nimempa kipande tofauti kwa sababu kila mara nilikuwa na haraka. Sasa nimeketi. Naandika yote kwa mkupuo mmoja, pamoja na lile kosa langu, maana najua mmeshalisikia nusunusu, na nusu mliyoisikia imetiwa chumvi.

Kwa wasioijua vizuri kazi yangu: mimi ni daktari, mzaliwa wa Iringa, na kwa miaka mingi nawafundisha wanafunzi wa udaktari wa mwaka wa mwisho. Wachache kati yao huwapeleka vijijini kwa wiki kadhaa wajifunze kuwa madaktari wa familia, yaani daktari anayemtibu bibi, mjukuu na mama mjamzito wa nyumba moja, na anayejua nyumba yenyewe iko wapi. Safari hii nilikuwa na wawili. Godlisten ni kijana wa Moshi, msemaji, anataka kuwa bingwa wa moyo na hafichi. Zuhura amezaliwa Ngorongo, humo humo bonde la Rufiji, akalelewa na bibi yake mpaka alipokwenda sekondari Dar es Salaam. Ni mpole kiasi kwamba mwaka mzima darasani sikuwahi kuijua sauti yake vizuri.

Dar es Salaam hadi Kibiti

Tuliondoka Jumanne asubuhi na gari la chuo, tukijua tutakula chakula cha mchana Kibiti. Karibu na Bungu mpira wa rejeta ukapasuka, moshi ukatoka mbele kama jiko la kuni mbichi, na dereva akashuka bila kusema neno. Akapanda pikipiki kwenda kutafuta mpira mwingine. Alirudi baada ya saa tatu nzima.

Tulikaa kwenye kibaraza cha mama mmoja aliyekuwa anachambua korosho. Alitukaribisha chai na mihogo ya kuchemsha, akatuuliza sisi ni nani. Godlisten akamwambia kwa fahari kwamba sote watatu ni madaktari.

"Madaktari watatu," alisema yule mama, akaliangalia gari, "na mgonjwa mmoja kawashinda?"

Alicheka mpaka akashika kiuno. Nilicheka pia, lakini Godlisten alianza kumweleza tofauti ya udaktari na ufundi magari, na ikabidi nimkanyage mguu.

Kibiti tuliingia jioni. Baada ya Isha tulikuwa tumeshanawa mikono, mbele yetu sinia la wali wa nazi na kamba wakubwa waliotoka delta siku hiyo. Nilikula vizuri, nikalala vizuri. Nawaomba mkumbuke kwamba hiyo ilikuwa Jumanne.

Familia ya nani?

Jumatano asubuhi tulifanya kazi katika kituo cha afya. Foleni ilikuwa ndefu, na Godlisten, aliyependa kufungua mkutano, alisimama mbele akatangaza kwamba leo wamekuja madaktari wa familia.

"Familia ya nani?" aliuliza mzee mmoja mwenye kofia ya kufuma.

"Familia zote, mzee."

"Haiwezekani, mwanangu. Mtu hana familia zote."

Wanawake wakaangua kicheko. Mzee yeye hakuwa na mzaha. Alidhani tumeletwa na mtu mwenye uwezo kuja kutibu watu wa nyumbani kwake, na kwamba wengine tutawaangalia tukipata nafasi. Akajisogeza mwisho wa benchi, akasema kwa adabu kabisa, "Basi miye n'tangoja daktari wa watu."

Zuhura akaenda kukaa naye, wakazungumza Kindengereko kidogo, na mzee akarudi kwenye nafasi yake. Sikujua alimwambia nini. Nilipaswa kumwuliza, sikumwuliza. Mimi nilikuwa nafikiria jinsi jina tunalolipenda sana vyuoni, tuliloliandikia vitabu na kulifanyia mikutano, lilivyomfukuza mtu foleni.

Baadaye kidogo akaingia mwanamke kijana, akasema ana chango. Godlisten akaanza kuandika minyoo. Kabla sijamzuia, Zuhura akasema, "Anamaanisha maumivu ya hedhi."

Alikuwa sahihi. Lakini mimi nina ugonjwa wangu wa siku nyingi kuhusu jambo hili. Nimeona wagonjwa wengi mno wakikatizwa na daktari anayedhani anajua wanachotaka kusema. Nikamgombeza pale pale, mbele ya mgonjwa.

"Usimsemee mgonjwa. Kazi yako ni kuandika alichosema yeye, si unachodhani alitaka kusema. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Dokta."

Akanyamaza. Alinyamaza kituoni, akanyamaza garini njia nzima ya mchanga kwenda Nyamisati, na mimi nikadhani amekubali somo.

Boti juu ya tope

Tulifika Nyamisati saa sita mchana na kuikuta boti yetu imekaa juu ya tope jeusi, imeinamia upande, hakuna maji ya kutosha hata kunawa miguu. Nahodha wetu, mtu wa makamo aitwaye Sefu, alikuwa amelala kivulini. Godlisten akamwamsha kwa shikamoo na swali moja kwa pamoja.

"Marahaba. Maji yashakwenda zake," alisema Sefu bila kuinuka. "Yatarudi."

"Yatarudi saa ngapi?"

"Yakirudi utayaona."

Yalirudi saa kumi. Muda wote huo nilikaa juu ya dumu la petroli nikiwaza mambo ambayo mtu huyawaza akikosa cha kufanya. Niliwakumbuka wanafunzi wangu wa miaka yote, wale niliowaleta sehemu kama hii, na jinsi wengi wao leo wako mjini wana viti vya kuzunguka. Siwalaumu. Mimi mwenyewe naishi mjini. Lakini nilijiuliza kwa dhati kama kuna kitu ninachowafundisha kinachobaki nao, au ni matembezi tu yenye kitabu cha kumbukumbu. Nilikuwa na jibu lililonifariji. Nilijiambia kwamba angalau nawafundisha kuuliza. Daktari asiye na mashine, nawaambia kila mwaka, ana masikio yake, na mgonjwa akiulizwa vizuri atakuambia ugonjwa wake. Hilo nalijua kulifanya, nikajisifu moyoni.

Boti ikainuka polepole, tukapanda. Tuliingia zahanati ya kijijini, ndani kabisa ya mikoko ya Salale, jua likiwa linakaribia kuzama. Nesi Asha, mwenye zahanati, alitupokea kwa wali wa mpunga wa pale pale na kaa wa kuchemsha ambaye Godlisten hakujua aanzie wapi kumvunja.

Zahanati

Alhamisi, saa nne asubuhi, mtumbwi ulifika na wanawake wawili. Mdogo aliitwa Rukia, mimba ya kwanza, imetimia. Mkubwa alikuwa mama mkwe wake, Bi Mwanahawa, mwanamke mwembamba mwenye macho makali, mwenye khanga mbili na maneno machache. Chupa ya uzazi ilikuwa imepasuka na uchungu haujashika.

Nikawaambia wanafunzi wasimame waangalie. Nilitaka waone jinsi ya kuuliza.

Nikaketi chini, usawa wa macho na Rukia, nikamwamkia mama mkwe, nikauliza habari za nyumbani na za njiani, sikuharakisha. Kisha nikauliza chupa ilipasuka lini.

Rukia akamwangalia mama mkwe.

"Usiku wa Jumatano," alisema Bi Mwanahawa. "Tushaswali Isha."

Nikaandika: Jumatano, saa tatu usiku. Nikamhesabia Godlisten kwa sauti. Toka jana saa tatu usiku mpaka leo saa nne asubuhi ni saa kumi na tatu. Mtoto amelala vizuri tumboni. Mapigo yake ni ya haraka kidogo. Joto la mama limepanda kidogo pia, lakini ametoka juani kwenye mtumbwi. Nikamwanzishia dawa ya kuzuia maambukizi, nikamwambia Nesi Asha amlaze na ampime kila baada ya muda. Uchungu ungeshika wenyewe, nilisema, wanawake wengi hushikwa ndani ya siku moja. Usiposhika, boti ingempeleka hospitali kesho asubuhi maji yakijaa. Nilieleza vizuri sana, hata mimi nilijisikia.

Zuhura alikuwa amesimama ukutani na mkanda wa kupimia presha mkononi. Aliniangalia, akauangalia mlango, akatoka. Nilimsikia kibarazani akiongea na Bi Mwanahawa. Aliporudi hakukaa.

"Dokta, naomba kusema."

"Sema."

"Nimemwuliza Bibi, jana adhuhuri walikuwa wapi. Anasema walikuwa wanahangaika kutafuta mtumbwi. Chupa ilikuwa ishapasuka."

"Jana adhuhuri? Mbona ameniambia usiku wa Jumatano?"

"Ndiyo huo huo. Kwa wazee wetu siku inaanza jua likizama. Usiku unatangulia, mchana unafuata. Usiku wa Jumatano ndio ule wa kuamkia Jumatano." "Ni juzi, Dokta. Jumanne."

Nilikasirika kwanza. Naliandika hili kwa sababu mliniomba ukweli. Nilikasirika kama mtu aliyesahihishwa mbele ya watu, na swali lililonitoka lilikuwa la hasira.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu aliposema."

"Na ukakaa kimya?"

"Uliniambia nisimsemee mgonjwa."

Sisi wa bara tukitaka kusema hivyo tunaongeza neno, tunasema usiku wa kuamkia, ndipo tunaelewana. Bi Mwanahawa hakuona haja ya kuongeza kitu. Alisema siku sawasawa kama wazazi wake walivyoisema, na mimi nikaandika neno lake vilevile, herufi kwa herufi, kama ninavyofundisha. Nikakosea siku nzima.

Hazikuwa saa kumi na tatu. Zilikuwa thelathini na saba. Chupa ikishapasuka mlango uko wazi, na kila saa inayopita vijidudu vinaweza kumpanda mtoto na mama. Lile joto halikuwa la jua, na yale mapigo ya haraka yalikuwa na maana. Jumanne ile baada ya Isha, nikiwa namenya kamba Kibiti, saa za binti huyu zilikuwa zimeshaanza kuhesabiwa.

Maji yanapwa

Sefu hakutaka maelezo mengi. Aliangalia mkondo, akaangalia jua.

"Maji yanapwa, Dokta. Tukitoka sasa hivi tunawahi. Mkinywa chai, hatuwahi."

Na tusipowahi, njia ingefunguka tena jioni, naye hapeleki boti gizani kwenye mikondo ile, hata kwa mwanawe. Maana yake ni kesho. Tukambeba Rukia na godoro lake, mama mkwe akafuata. Nesi Asha alimkimbilia Sefu na mtungi wa maji ya kunywa na mwavuli, akabaki na zahanati yake.

Njia ya kutoka ina sehemu moja ambapo mikoko inakaribiana na maji ni haba hata siku njema. Pale boti ikakwama. Sefu akaruka, Godlisten akaruka, nami nikapandisha gauni nikaruka. Tope lilinifika magotini. Tulisukuma, boti ikasogea hatua moja ikakaa. Tukasukuma tena. Godlisten alipoteza kiatu kimoja, akakitafuta kwa mkono, kisha akakiacha. Niliogopa. Nilikuwa nimeshika ubao wa boti naangalia maji yakiteremka kwenye mizizi ya mkoko, kidole baada ya kidole, na nikajua kabisa kwamba nusu saa niliyoitumia kufundisha kule zahanati ndiyo nusu saa tunayoikosa sasa.

Ndani ya boti Zuhura alikuwa amepiga magoti, mkono mmoja umeinua chupa ya dripu, mwingine umeshika kipembe cha mbao cha kusikilizia mapigo ya mtoto.

"Dada," Rukia alimwuliza, "n'takufa?"

Nilitaka kumjibia. Nina jibu langu la swali hilo, nimelitumia miaka mingi, ni zuri na ni laini. Nikafunga mdomo.

"Sijui la mbele," Zuhura alimwambia. "Ninachojua, mwanao anapiga. Namsikia. Nikiacha kumsikia nitakwambia, sitakuficha. Sasa namsikia."

Rukia akatikisa kichwa, akamshika nguo. Kila baada ya muda, njia nzima, nilisikia Zuhura akisema lile neno moja, "namsikia."

Boti ikaachia. Mpaka tunafika Nyamisati bahari ilikuwa imebaki nyembamba nyuma yetu. Gari lilikuwa linatungoja, rejeta nzima, na ile njia ya mchanga tuliipita polepole kwa ajili ya mgonjwa.

Hospitali

Tulifika karibu saa kumi na moja jioni. Daktari wa zamu alikuwa kijana, kwa lafudhi mtu wa kanda ya ziwa, mwenye adabu. Alichukua karatasi yetu lakini akafanya ninachofundisha mimi. Akainama kwa Bi Mwanahawa akamwuliza mwenyewe.

"Chupa ilipasuka lini, mama?"

"Usiku wa Jumatano. Tushaswali Isha."

Niliiona kalamu yake ikiandika neno jana. Nikafungua mdomo, lakini sauti iliyotoka haikuwa yangu. Ilikuwa kubwa, na sikuitambua mara moja.

"Daktari, si jana. Ni Jumanne. Usiku wa Jumatano kwao ni Jumanne jua likishazama. Mpaka sasa ni saa arobaini na nne, ana homa, na mtoto anakwenda mbio. Naomba usiandike jana."

Kijana akamwangalia Zuhura, kisha akaniangalia mimi, mwenye nywele nyeupe na tope mpaka mapajani. Nikamwambia, "Msikilize yeye." Akakata alichoandika, akaita chumba cha upasuaji.

Tulibaki kwenye benchi, watatu na Bi Mwanahawa. Godlisten alikwenda kununua kandambili. Mimi nikamwambia Zuhura niliyopaswa kumwambia tangu jana kituoni. Nilimwambia nilimfundisha vibaya. Kumsemea mgonjwa ni jambo moja, na kuwa mtu wa kwao anayesikia alichosema ni jambo jingine, na mimi sikujua kuyatenganisha. Alisema, "Sawa, Dokta." Ilikuwa ile ile "sawa" yake ya siku zote, kwa hiyo siwezi kuwaambia alifikiria nini.

Kisha nikamgeukia Bi Mwanahawa. Lilikuwa gumu kuliko tope.

"Mama, asubuhi nilikosea. Nilidhani chupa imepasuka jana. Tungeondoka mapema zaidi."

"N'likwambia usiku wa Jumatano."

"Uliniambia. Mimi nikaandika usiku mwingine."

Nilingoja aseme hapana neno, kama watu wanavyosema wakitaka kukupunguzia. Hakusema. Aligeuza macho kwenye mlango wa chumba cha upasuaji, akaendelea na tasbihi yake. Nilikaa na jambo langu. Kama yule binti asingetoka, au angetoka bila mtoto, nisingekuwa na neno la kumpa mama yule, na kosa langu lisingekuwa habari ya kuwasimulia nyie. Adhana ya Magharibi ilisikika, akaenda kuswali kwenye kona, akarudi, mlango bado umefungwa.

Tulimsikia mtoto kabla ya kumwona. Alichelewa kulia, kisha akalia kwa hasira. Daktari alitoka akatuambia ni msichana, ataanzishiwa dawa mara moja na kuangaliwa kwa karibu. Mama yake damu imesimama, anashonwa, na homa yake wataiweza. Godlisten akakaa chini sakafuni na kandambili zake mpya, akalia wazi bila kujificha. Bingwa wa moyo mtarajiwa.

Kabla hawajampeleka mtoto kwenye chumba chake, nesi alimleta kwetu kwa dakika moja akiwa amefungwa khanga ya bibi yake. Akaweka kadi juu ya benchi, akaandika kwa mkono wa pili siku ya kuzaliwa: Alhamisi. Godlisten, ambaye tayari alikuwa anafuta machozi na kutafuta la kusema, akainuka.

"Basi huyu ni Mwanahamisi!"

"Hamisi gani, mwanangu?" alisema Bi Mwanahawa. Ilikuwa mara ya kwanza siku ile kumwona akitabasamu. "Jua lishazama. Huyu Mwajuma, mtoto wa Ijumaa."

Nesi akainua kalamu, hajui amsikilize nani. Bi Mwanahawa akampokea mtoto, akamtengeneza khanga shingoni, kisha akanigeukia mimi na yale macho yake makali.

"Na wewe, Dokta. Sasa hivi ni usiku wa lini?"

"Usiku wa Ijumaa," nikasema.

"Haya," akasema, akaniwekea mtoto mikononi.